Wauza pembejeo, muulizeni mkulima kwanza kama shamba limechanua

Mwezi uliopita mjomba alinipigia simu saa tatu asubuhi akasema neno moja tu: "Njoo." Tuna mizinga minne tumeitundika kwenye miembe kando ya mto Ruvu, na nilipofika nikakuta chini ya mmoja ardhi imebadilika rangi. Nyuki walikuwa wametapakaa kama mtama uliomwagika. Niliokota mmoja. Ulimi umemtoka nje wote, mabawa yameachana, na kwenye miguu ya nyuma chavua ya njano bado imeshikana vizuri, mzigo aliokuwa anaupeleka nyumbani. Wengine walikuwa hawajafa. Walilala chali wakizunguka na kutetemeka, na waliojikongoja hadi mlangoni walisukumwa nje na walinzi. Mjomba alichukua ufagio wa chelewa akawazoa kwenye ungo. Hakusema kitu tena mpaka tukamaliza.

Ng'ambo ya uzio kuna ekari mbili za tikiti, na zilikuwa zimechanua. Jirani alikuwa amepiga dawa alfajiri ile kwa ajili ya vidukari na inzi wa matunda. Sio mtu mbaya. Nilipomwamkia na kumuuliza kapiga nini, alinionyesha chupa bila kuficha: imidaklopridi, na ndani ya bomba hilohilo alichanganya na dawa nyingine aliyoambiwa dukani kwamba "inaongeza nguvu".

Hasira yangu si ya asali. Asali tutavuna mwaka mwingine. Hasira yangu ni kwamba huyu bwana aliua vibarua wake mwenyewe, na hakuna aliyemwambia.

Mtikiti una maua ya kiume na ya kike mbalimbali kwenye mmea mmoja. La kike unalitambua kwa katikiti kadogo kenye manyoya kalikokaa chini ya ua. Ua hilo linafunguka jua likichomoza, mchana linafunga, na halifunguki tena. Lina asubuhi moja tu. Chavua ya tikiti ni nzito na inanata, upepo hauibebi. Lazima aje nyuki aliyetoka kwenye ua la kiume, aje na mwingine, na mwingine tena, mpaka chavua ienee pande zote katikati ya ua. Ikienea upande mmoja, mbegu zinashika upande mmoja, na tunda linapinda, nene huku, jembamba kule. Isipofika kabisa, kale katikiti kanageuka njano, kanakauka, kanadondoka. Kwa hiyo anayepiga dawa asubuhi kwenye tikiti lililochanua anapiga saa ileile ambayo mavuno yake yanatengenezwa.

Wiki mbili baadaye jirani alimwita mjomba aone matunda yake. Yamepinda kama vibuyu. Aliamini ni upungufu wa mbolea, na alikuwa ameshanunua busta, ile mbolea ya kupulizia kwenye majani. Mjomba alimweleza taratibu, kama anavyoeleza mtoto wa mtu. Jirani alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Lakini mzee, mstari wa chini kwenye chupa haukuwa mwekundu."

Jamani. Ule mstari wa rangi unapima hatari kwa binadamu. Haumhesabu nyuki. Spinosadi, dawa nyingine ya wadudu, ni mfano mzuri: si kali sana kwa mtu, hata kilimo hai kinaitumia, lakini ikiwa bado mbichi juu ya ua inaua nyuki. Ya nyuki huwa imeandikwa kwa herufi ndogo pembeni ya lebo, mara nyingi kwa Kiingereza, na mkulima ananunua chupa ya mililita 100 ambayo lebo yake haisomeki hata kwa miwani.

Ushauri wa "pigeni jioni" naukubali nusu. Kwa dawa zinazoua kwa kugusa na kupoteza makali zikikauka, kupiga nyuki wakishalala kunaokoa wengi. Lakini imidaklopridi inaingia ndani ya mmea, inapanda na utomvu mpaka kwenye chavua na mbochi, yale maji matamu ya ua. Ukiipiga jioni, kesho asubuhi nyuki ataikuta ndani ya ua. Hata asipokufa palepale, inamvuruga akili, anasahau njia ya kurudi mzingani. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuitumia mashambani mwaka 2018, pamoja na dawa ndugu zake, klothianidini na thiamethoksamu. Hapa kwetu inauzwa kando ya sabuni.

Na si nyuki peke yake. Wakulima wa nyanya mnajua: unapiga dawa ya wadudu ya lambda-sihalothrini kila wiki, halafu utitiri, vile vijidudu vidogo sana vinavyofyonza majani, unalipuka kuliko mwanzo. Sababu ni kwamba umeua wanaoula: utitiri wengine wakubwa kidogo wanaokimbia haraka chini ya jani, na wale wadudu wekundu wa mgongo wa duara wenye madoa meusi. Utitiri wenyewe umebaki. Sasa unarudi dukani kununua abamektini ya kuua utitiri, nayo ni sumu kali kwa nyuki.

Najua mtaniambia kuhusu kantangaze, yule nondo ambaye viwavi wake wanatoboa majani na matunda ya nyanya. Sawa. Tangu aingie nchini mwaka 2014 nimeona mashamba ya nyanya yakiteketea, na siwezi kumwambia mtu mwenye mkopo aache bomba nyumbani. Sisemi hivyo. Na mjomba hawezi kuihamisha mizinga kila mtu akipiga dawa, nyuki anaenda kilomita 3 na zaidi, atakwepa shamba lipi?

Ninachotaka ni kidogo, na nakitaka kwa wauza pembejeo wote. Kabla hujampa mtu chupa, muulize: shamba limechanua? Kama limechanua, mwambie asubiri matunda yashike, au mpe isiyoingia kwenye mmea na umwambie apige giza likiingia. Hilo swali halikugharimu shilingi. Wewe ndiye daktari wa mwisho anayeonana na yule mkulima, na unajua anakuamini kuliko bwana shamba anayemwona mara moja kwa msimu.

Jirani siku hizi anampigia mjomba simu usiku kabla ya kupuliza, nasi tunaziba milango ya mizinga kwa magunia mabichi mpaka saa nne. Mzinga wa nne uko mtupu. Jumamosi tuliusafisha, tukaupaka nta mpya mlangoni, tukaurudisha juu ya mwembe.