Kidole changu, laini ya nani?

Mei 2019 Tanzania ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Mwisho ulikuwa Desemba 31, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Waliopanga foleni za kitambulisho cha taifa cha NIDA siku zile, ili wasajili laini, hawajasahau.

Kijiweni hoja ni moja: "Kama huna cha kuficha, unaogopa nini?" Siibezi. Aliyetapeliwa ada ya mtoto kwa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" anataka mtu akamatwe, na laini isiyo na mwenyewe haikamatishi mtu.

Ila ujumbe ule bado unaingia. Juzi nimebonyeza *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu, nikakuta namba nisiyoijua. Nikamkumbuka kijana wa chini ya mwavuli aliyenisajilia laini: "Haijasoma, weka tena kidole." Niliweka mara tatu. Tapeli akiitumia namba ile, mlango utakaogongwa ni wangu.

Kwa upande wa serikali, kujua laini ni ya nani hakunisumbui. Kinachonisumbua ni yanayoambatana nayo. Simu ikiwa mfukoni tu, kampuni inajua umeshika mnara upi, umempigia nani, saa ngapi, mmeongea dakika ngapi. Yaunganishe hayo na kidole, unapata mienendo yangu yote, hata ile ambayo sijamsimulia ndugu. Na mwanamke aliyemkimbia mume anayempiga anacho cha kuficha: mahali anapolala. Akitokea mtu mmoja ofisini wa kumuuzia mumewe taarifa hiyo, basi.

Ibara ya 16 ya Katiba inatupa hifadhi ya mawasiliano binafsi. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, vidole vyetu vikiwa vimeshachukuliwa miaka mitatu nyuma. Hilo linaniuma. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi sasa ipo, na ningeiomba kitu kimoja: nibonyeze namba, nione nani amefungua rekodi zangu na kwa kibali gani. Kama kuna upelelezi unaendelea, nifichwe mpaka uishe, nitasubiri.

Ile laini nimeshaomba ifutwe. Aliyekuwa akiitumia kwa jina langu, hakuna aliyeweza kuniambia ni nani.