Kuongeza Maji Kwenye Rejeta Si Matengenezo

Madereva wengi wamezoea kubeba dumu la maji kwenye buti na kujaza rejeta kila baada ya siku chache, kana kwamba injini hutumia maji jinsi inavyotumia mafuta. Mazoea hayo nayapinga kabisa. Mfumo wa kupoza injini umefungwa, na kulanti iliyomo, yaani kimiminika cha kupoza injini, huzunguka humo humo, kwa hiyo katika gari lisilo na hitilafu kiwango chake hakipaswi kupungua wiki hadi wiki. Kikipungua, ama kulanti inatoka nje, ama inaingia ndani ya injini, na kazi ya kwanza ni kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

Kinachonisikitisha zaidi ni jinsi gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kilicho kati ya bloku ya injini na hedi inayoifunika juu, inavyohukumiwa bila ushahidi. Fundi anaambiwa gari linachemsha, naye anaanza kufungua hedi, ilhali huenda kasoro ipo kwenye mfuniko wa rejeta, ambao ni miongoni mwa vipuri rahisi kuliko vyote. Mfuniko huo una springi na mpira wa kuzuia shinikizo, ambalo kwa magari mengi ni karibu bar 1, na shinikizo hilo ndilo linalofanya hata maji matupu yachemke kwenye nyuzi 120 hivi za Selsiasi badala ya 100. Springi ikilegea au mpira ukipasuka, kulanti huchemka mapema na kumwagika kupitia tangi la akiba, ingawa injini yenyewe ni nzima.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kabla ya spana yoyote kushikwa, mfumo upimwe kwa pampu ya mkono yenye geji, inayofungwa mahali pa mfuniko injini ikiwa imepoa. Fundi hupampu hadi shinikizo lililoandikwa kwenye mfuniko, kisha husubiri kama dakika 15 akiiangalia sindano. Ikishuka, achukue tochi akague maungio ya mipira inayopitisha kulanti, kingo za rejeta pale plastiki inapokutana na alumini, na kitundu kilicho chini ya shafti ya pampu ya maji, ambacho kimewekwa makusudi ili sili ikichakaa kulanti ichuruzike hapo. Mvujo mdogo hukauka kwa joto la injini, lakini huacha ukoko mweupe au wenye rangi ya kulanti, na ukoko huo unatosha kuwa ushahidi. Zulia la abiria likiwa limelowa kulanti, huenda inayovuja ni rejeta ndogo ya hita, kifaa cha kupasha joto ndani ya gari.

Sindano ikishuka na nje pakabaki pakavu, hapo ndipo gasketi ishukiwe. Mpira wa juu wa rejeta ukiwa mgumu asubuhi kabla ya injini kuwashwa, mapovu yakipanda mfululizo kwenye tangi, au moshi mweupe ukiendelea hata injini ikishapata moto, kuna sababu ya kuifungua hedi.

Kuna pia magari yanayochemsha bila kupoteza tone. Likichemsha kwenye foleni na kupoa likienda kasi, itazamwe feni. Likichemsha kwenye mwendo mrefu au mlima, rejeta huenda imeziba. Lakini kung'oa thermostati, vali inayozuia kulanti kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, na kuitupa, kama baadhi ya mafundi wanavyofanya, ni kuharibu: injini hukawia kufikia joto lake, hula mafuta zaidi na kuchakaa haraka, na kasoro ya awali inabaki palepale.

Dereva asiitegemee geji ya joto peke yake. Kulanti ikiisha kabisa, kihisi hubaki hewani, na sindano inaweza kurudi chini wakati hedi inapinda kwa joto. Hita ikianza kutoa hewa baridi ghafla, simamisha gari, zima injini, na usiuguse mfuniko mpaka mpira wa juu upoe na kulainika mkononi. Maji baridi yakimiminwa kwenye injini yenye moto mkali yanaweza kuipasua hedi.

Matengenezo yakikamilika, hewa itolewe kwenye mfumo hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, kisha kiwango kikaguliwe tena asubuhi inayofuata, injini ikiwa baridi.