Iacheni Meza Kama Mlivyoikuta

Katikati ya wiki ya mapumziko ya shule, watoto wakiwa wamekwisha kuziunganisha kingo zote nne za picha ya vipande elfu moja na wameanza kuhangaika na anga, ambayo kama kawaida ilikuwa ya buluu ileile kutoka kona hadi kona, ndugu yetu mmoja wa karibu aliamua kutusaidia. Ni mtu mwema, ila mikono yake haijui kutulia. Tuliporudi kutoka kuokota majani tulikuta meza inang'aa: vipande vyote vimerudishwa ndani ya boksi, boksi limepandishwa juu ya kabati, na mezani pametandikwa kitambaa kilichopigwa pasi, kwa kuwa jioni hiyo tulitarajia wageni. Wageni walikuja, wakakaa muda wa kutosha kutazama simu zao, wakaaga bila hata mmoja wao kuitupia meza jicho. Mwanangu mdogo aliuliza, "Mama, tuanze tena mwanzo?" Mkubwa hakuuliza lolote. Alichukua simu yake akaingia chumbani.

Sina haja ya kumsema ndugu huyo, maana alilolifanya ndilo linalofanywa kila jioni katika nyumba nyingi, na linafanywa kwa fahari. Ninachotaka kukisema ni kwamba nyumba isiyovumilia kazi iliyoachwa nusu haiwezi kuwa na watu wenye mambo wanayoyapenda, hata kama ina kabati zima la rangi, nyuzi, gundi na michezo. Tunawanunulia watoto vifaa, tunawahimiza waweke simu chini, tunawatafutia muda, kisha tunawanyima kitu ambacho hakiuzwi popote, yaani mahali ambapo kazi ya leo itakutwa kesho.

Hebu tuyatazame mambo yenyewe ambayo familia huyafanya katika wiki ya namna hii, jua linapozama mapema na baridi inapoanza kuwarudisha watu ndani. Ni machache mno yanayoanza na kumalizika katika mkao mmoja. Jani lililookotwa likiwa jekundu hubanwa kati ya karatasi kavu chini ya kitabu kizito kwa siku kadhaa, mara nyingi wiki moja au zaidi, na atakayekinyanyua kitabu hicho mapema kwa sababu kinaharibu mandhari ya sebule atapata jani lililojikunja au lililoota ukungu. Picha ya rangi ya maji lazima ikauke kabla ya kupakwa tabaka la pili, la sivyo rangi zote huishia kuwa tope. Gundi ya mbao hushika upesi, lakini hupata nguvu zake kamili baada ya siku nzima. Sweta linalofumwa ndilo lenye balaa kubwa kuliko yote: vitanzi vya mstari mzima vinaning'inia juu ya sindano moja, na mtu akiisogeza kazi hiyo kidogo tu ili apate pa kukaa, sindano ikachomoka, vitanzi hufumuka kuelekea chini mstari baada ya mstari, na mfumaji atakaporudi atatumia jioni yake kuvinasa kimoja kimoja. Aliyeisogeza atasema hakugusa kitu.

Picha za vipande nazo zina historia ndefu kuliko watu wanavyodhani. Katika miaka ya 1760, mchora ramani wa London aitwaye John Spilsbury alibandika ramani juu ya ubao mwembamba, akaikata kwa kuifuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia kwa kuirudisha dunia mahali pake. Katika miaka ya 1930, mdororo mkubwa wa uchumi ulipowaacha watu wengi wa Marekani bila kazi, picha za bei nafuu zilizokatwa katika karatasi ngumu zilienea kwa kasi, na watu wakawa wanaziazima na kuzikodi kama vitabu. Huwa nawawazia watu hao, ambao hawakuwa na fedha wala uhakika wa mwezi ujao, lakini walikuwa radhi kuiachia picha sehemu ya meza kwa siku nyingi kadiri ilivyohitaji. Sisi tuliojaliwa zaidi tunaikunja kabla ya saa mbili usiku.

Anayedhani kwamba nazungumza kwa hasira ya mama tu na asikie hili. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik, aliyefanya utafiti wake Berlin, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watu walizikumbuka zaidi kazi walizokatizwa kuliko walizozimaliza, na mwaka uliofuata mwenzake Maria Ovsiankina akaonyesha kwamba mtu aliyekatizwa, akiachwa huru, huelekea kuirudia kazi yake bila kuombwa na mtu. Dai la Zeigarnik kuhusu kumbukumbu limepingwa sana tangu wakati huo, kwa sababu waliolirudia jaribio lake hawakupata jibu lilelile kila mara. Matokeo ya Ovsiankina yamesimama imara zaidi, na kwa jambo hili langu ndiyo yenye uzito. Mtoto anayepita kando ya meza akienda kunywa maji, akakiona kipande ambacho jana kilimshinda, akakitia mahali pake, akavuta kiti na kusahau kwamba alikuwa na kiu, huyo hahitaji kuhimizwa wala kuahidiwa zawadi. Anachohitaji ni kukiona kipande, na kipande kilichofungiwa ndani ya boksi juu ya kabati hakionekani.

Hapa ndipo simu inapotushinda, na inatushinda kwa haki. Mchezo wa kwenye simu unaikumbuka hatua ambayo mchezaji aliifikia, video inaendelea palepale ilipokatizwa, na hakuna jamaa yeyote, hata awe na bidii kiasi gani, anayeweza kuukunja mchezo huo ili atandike kitambaa. Waliozitengeneza programu hizo wameondoa kila kizuizi kinachoweza kumfanya mtu asite kurudi. Sisi, kwa mikono yetu wenyewe, tumevipanga vizuizi vyote upande wa pili: teremsha boksi, mwaga vipande, vigeuze vyote viangalie juu, tenga kingo na katikati, tafuta tena ile kona iliyokusumbua, na unapokaribia kufika ulipokuwa jana, sauti kutoka jikoni inakuambia uondoe vitu vyako kwa kuwa watu wanataka kula. Mtoto akiipiga hesabu hiyo mara mbili tatu na kuichagua simu, tunamsomea hotuba kuhusu kizazi kisicho na subira. Subira yake ilikuwa mezani, imekwisha kufikia anga, na sisi ndio tulioibomoa.

Tena kuna unafiki ndani yake, na huo ndio unaonitoa moshi. Karatasi za ofisi zinaweza kukaa kwenye kona ya meza hiyohiyo kwa majuma, zikapanda na kuwa kilima, kikombe kikawekwa juu yake, na hakuna atakayethubutu kuzigusa, maana hizo ni kazi. Kompyuta ikiachwa wazi, watu wanapita kwa kunyata. Ila kofia iliyofumwa nusu, au meli ya karatasi inayosubiri mlingoti wake ukauke, hiyo ni fujo. Mkataba wa Haki za Mtoto uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989 unaitambua, katika Kifungu cha 31, haki ya mtoto ya kupumzika, kustarehe na kucheza. Hautaji meza mahali popote, na bila shaka waliouandika walidhani kwamba wazazi wangejiongeza wenyewe.

Mambo mengine yanayosemwa kuhusu wiki hizi za mapumziko nayapita haraka. Ratiba zenye rangi saba zinazobandikwa ukutani, kila nusu saa na shughuli yake, ni shule iliyohamishiwa nyumbani. Wanaotaka kujua kila kinachofumwa kitauzwa lini na kwa faida gani, sina la kuwaambia. Wanaosisitiza kwamba kila mtu katika familia apende jambo moja ili "tuwe pamoja" wangejaribu kukaa chumba kimoja, kila mmoja na lake, kimya, kisha waniambie kama hawakuwa pamoja.

Msimu wenyewe unaniunga mkono, kama mti unaweza kuitwa shahidi. Baada ya siku ambayo mchana na usiku hukaribia kulingana, ambayo huangukia tarehe 22 au 23 Septemba kwa walio kaskazini mwa dunia na tarehe 20 au 21 Machi kwa walio kusini, mchana huzidi kufupika, na miti inayopukutisha majani huacha kuitengeneza upya klorofili, ile rangi ya kijani. Manjano inayojitokeza ilikuwemo ndani ya jani tangu mwanzo, imefunikwa tu; nyekundu kwa kawaida hutengenezwa wakati huohuo, kutokana na sukari inayobaki ndani ya jani. Majani yakianguka na kukusanywa pembeni mwa bustani, huchukua mwaka mmoja au miwili kuoza na kuwa mbolea laini nyeusi, kwa sababu kazi hiyo hufanywa zaidi na kuvu, nao hawana haraka. Vitunguu vya maua ya tulipu vinavyofukiwa wiki hii vinahitaji majuma mengi ya baridi ardhini kabla ya kuweza kuchanua. Katika bustani tunakubali kwamba kitu kinaweza kuachwa nusu kuanzia sasa hadi majira yajayo, na hakuna anayevifukua vitunguu hivyo kila jioni ili udongo uonekane nadhifu mbele ya wageni. Tukivuka kizingiti tu, uvumilivu huo wote unabaki nje pamoja na viatu.

Nakiri, shingo upande, kwamba wanaopenda meza tupu wana hoja. Nyumba yenye mtoto anayetambaa haiwezi kuacha vipande vidogo, sindano na mikasi mahali ambapo mkono wake unafika, na hapo hakuna mjadala. Wapo pia wanaoishi katika chumba kimoja chenye meza moja, inayotumika kwa kula, kusoma, kupiga pasi na kukatia vitambaa, na sitaki kuwa mtu anayewahubiria watu kuhusu nafasi ambayo hawana. Hoja iliyo nzito kuliko hizo ni ya tatu: katika nyumba nyingi anayeondoa vitu mezani ni mtu mmoja, mara nyingi mwanamke, ambaye hakuulizwa kama anapenda kuishi katikati ya nyuzi za watu, na ambaye ndiye atakayesemwa wageni wakikuta vumbi. Aibu ya meza inamwangukia yeye peke yake. Mimi ndiye mtu huyo hapa kwetu, kwa hiyo naijua hasira ya kupangusa meza kwa kuzungukazunguka vipande vya karatasi. Hata hivyo, dawa ya hasira hiyo ni kuigawa kazi ya usafi. Kuifuta kazi ya mtoto hakumpunguzii mwenye kusafisha mzigo wowote, kwa kuwa kesho ataombwa aiteremshe tena.

Pia si kweli kwamba mtu lazima achague kati ya kula na kucheza. Ubao mwembamba uliozidi kidogo ukubwa wa picha unatosha: picha inaunganishwa juu yake, na wakati wa kula ubao wote unanyanyuliwa na watu wawili na kusukumwa chini ya kitanda bila kipande hata kimoja kuhama. Wapo wanaotumia kitambaa kizito chenye manyoya mafupi, wakakiviringisha picha ikiwa ndani. Ufumaji una kikapu chake, na vizibo vya mpira huchomekwa kwenye ncha za sindano ili vitanzi visitoroke. Sinia kubwa linabeba rangi, brashi na karatasi kwa safari moja. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji nyumba kubwa. Vyote vinahitaji mtu mzima aliyekubali kwamba kuhamisha na kubomoa ni mambo mawili tofauti.

Kwa upande wetu tumeweka sheria, baada ya mabishano marefu na mlango mmoja uliobamizwa. Kitu kilichoanzwa hakiondolewi na mtu mwingine. Kinaweza kuhamishwa, kikiwa kizima, na mwenyewe akaambiwa kimewekwa wapi. Nimekubali kuwepo kwa ukomo, japo niliupinga: kitu ambacho mwenye nacho hakukigusa hadi shule zinapofunguliwa, ataulizwa kama bado anakitaka, na akisema hakitaki atakiondoa kwa mkono wake, bila kusemwa kwamba hamalizi anachokianza. Sheria inawahusu wote wanaolala chini ya paa hili pamoja na jamaa wanaokuja kutembea, na inazihusu vilevile zile karatasi za ofisi za baba watoto, ambazo ziko pale tangu majani hayajaanza kubadilika rangi.