Mtoto wa kisiwa na lafudhi yake

Mpwa wangu amerudi Wete, kwetu Pemba. Alikwenda Dar es Salaam kufanya usaili wa tamthilia, na kwa wiki mbili alikuwa amehifadhi maneno ya daktari anayemweleza mama mmoja hali ya mwanawe mgonjwa. Hakufika nusu ya ukurasa. Aliyekuwa akimsikiliza alimkatiza, akamwambia kwamba kwa lafudhi ile udaktari haumfai, ila wanamtafuta mtu wa kuigiza mwenye duka wa Kipemba, avae kofia na aseme "yakhe" kila baada ya maneno matatu. Kijana akashukuru, akaondoka. Aliponihadithia hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Usiku ule nilimsimulia habari za Sidney Poitier, muigizaji mweusi wa filamu za Marekani.

Watu wakimtaja Poitier huanza na tuzo ya Oscar. Mimi huanza na nyanya. Wazee wake, Reginald na Evelyn, walikuwa wakulima wa nyanya katika Cat Island, kisiwa kimoja cha Bahamas, na mavuno yao wakiyavusha bahari kwenda kuyauza Miami. Huko huko Miami, Februari 1927, mama akajifungua kabla ya miezi kutimia. Mtoto alikuwa mdogo hata baba akatafuta kisanduku cha kumzikia. Mama hakukubali. Alikwenda kwa mpiga ramli, akaambiwa mtoto huyu ataishi, na atatembea na wafalme. Mpemba hahitaji kufafanuliwa safari ile ya mama.

Kisiwani kwao hakukuwa na umeme. Florida ilipozuia nyanya za Bahamas, familia ikahamia Nassau, na Sidney alikuwa na miaka kama 10. Nami hapo huiona njia yetu wenyewe: karafuu zinaanguka bei, watu wanapanda boti Mkoani kwenda Unguja kutafuta maisha. Nassau ndiko alikoona filamu kwa mara ya kwanza. Ilipokwisha alikimbilia nyuma ya jengo kusubiri ng'ombe na farasi aliowaona ukutani watoke nje.

Akiwa na miaka 16 alikuwa New York, anaosha vyombo vya mahoteli. Akaenda kujaribu uigizaji katika American Negro Theatre, kundi la maigizo la watu weusi pale Harlem, mtaa wa New York, akapewa maandishi asome. Kusoma kulikuwa kwa kubabaika, na lafudhi ilikuwa ya visiwani. Akatolewa, akaambiwa aache kupotezea watu wakati, akatafute kazi ya kuosha vyombo, na yule aliyemwambia hakujua kwamba hiyo ndiyo hasa kazi yake. Poitier alinunua redio. Kwa miezi akawa anarudia kila neno la watangazaji mpaka ulimi wake ukafanana na wao. Mhudumu mmoja mzee, Myahudi, alimkuta akihangaika na gazeti, akawa anakaa naye kila usiku baada ya kazi kumfundisha kusoma. Mzee yule namwombea kheri kila nikimkumbuka. Ile redio inanitia uchungu.

Kwa sababu ilimfaa. Mwaka 1950, enzi ambazo muigizaji mweusi Marekani alizoea kupewa utumishi wa nyumbani, nafasi yake ya kwanza kubwa kwenye filamu ilikuwa ya daktari. Mpwa wangu aliposikia hapo aliinua kichwa. Lakini koti lile jeupe Poitier alilivaa baada ya kuiacha nyuma sauti ya mama yake. Walipe bei hiyo hiyo na watoto wetu? Na hapa hatuzungumzii Mbahama aliye ugenini Harlem. Tunazungumzia Mswahili anayeambiwa Kiswahili chake ni kichekesho.

Sisemi muigizaji asijifunze Kiswahili sanifu. Ajifunze, na akiweza aigize Mmakonde, Mchaga na Mmombasa, maana ndiyo kazi yenyewe. Lakini sanifu ilijengwa juu ya Kiunguja cha mjini kwa uamuzi wa kamati za wakati wa ukoloni. Haikuteremshwa. Kamange na Sarahani walikuwa washairi wa Pemba, na tungo zao tunazo vifuani hadi leo. BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wamechapisha hadi kamusi ya lahaja ya Kipemba. Lugha yenye washairi na yenye kamusi inashindwaje kumwambia mgonjwa kwamba damu yake imepungua?

Na duka si aibu. Mimi nimesomeshwa na duka. Baba yangu alikuwa na daftari la madeni ambalo nusu yake hakulidai, na akijua mashairi ya Kamange zaidi ya walimu wangu wa skuli. Waandike muuza duka huyo, nami nitamsukuma mpwa wangu mwenyewe akamuigize. Wanachokitaka ni kofia na "yakhe".

Kuna jambo moja la Poitier ninalolipenda kuliko tuzo zote. Bado hajawa mtu mkubwa, aliletewa nafasi ya baba ambaye binti yake anauawa naye hafanyi lolote. Aliikataa, kwa kuwa baba yake hangekuwa vile. Mkewe alikuwa karibu kujifungua, akaweka rehani samani za nyumba apate fedha za hospitali. Yaliyofuata yanajulikana: jukwaa la Broadway, kwenye maigizo makubwa ya New York, mwaka 1959, Oscar ya Aprili 1964, siku 13 kabla ya Muungano wetu, akiwa mwanamume mweusi wa kwanza kupewa ile ya muigizaji mkuu, kisha kile kibao cha shavuni katika filamu ya mwaka 1967, alichomrudishia tajiri mzungu aliyempiga. Malkia wa Uingereza akampa nishani ya heshima mwaka 1974, na baadaye akawa balozi wa Bahamas nchini Japani. Alifariki Januari 2022, na miaka 94. Mpiga ramli hakukosea.

Juzi usiku tulikuwa jamvini tunachambua karafuu, makonyo upande huu, karafuu upande huu. Bibi yake akamtaka amsomee yale maneno ya daktari. Kijana akaanza kwa sauti ya taarifa ya habari. Bibi akamsimamisha: "Huyo nani? Mie simjui. N'ambie mie, mwanangu ndo anaumwa."

Akarudia, kwa sauti anayosemea na bibi yake siku zote. Mikono ikatulia jamvini. Alipomaliza bibi alikaa kimya, kisha akauliza:

"Sasa huyo mtoto atapona?"