Umbali wa Córdoba na Umbali wa Kilwa

Ndugu walioko nyumbani hutuuliza sisi tunaosoma Hispania fedha za kuzuru miji kila mwisho wa juma tunazitoa wapi. Nyuma ya swali hilo kuna imani kwamba utalii ni anasa ya wenye nazo, na kwamba Mtanzania haendi Kilwa kwa sababu ya umaskini. Imani hiyo siikubali. Mwanafunzi wa Sevilla anayeishi kwa posho ya ufadhili, na anayejipikia wali na maharage ili fedha zimfikishe mwisho wa mwezi, huweza kwenda Córdoba Jumamosi asubuhi na kulala kwake usiku uleule, kwa kuwa safari yenyewe imepangwa ili mtu wa kawaida aimudu.

Kutoka Sevilla hadi Córdoba ni takribani kilomita 140, na treni ya mwendokasi, ambayo njia yake ilifunguliwa mwaka 1992, huzimaliza kwa dakika 45 hivi. Kutoka stesheni unatembea kwa miguu hadi Mezquita, msikiti ulioanza kujengwa na Abd al-Rahman wa Kwanza mwishoni mwa karne ya 8, ukapanuliwa na watawala waliomfuata, kisha ukageuzwa kanisa baada ya Mfalme Fernando wa Tatu kuuteka mji mwaka 1236. Ndani yake kuna nguzo zaidi ya 800 zilizobeba matao ya rangi nyekundu na nyeupe, na kati ya nguzo hizo kanisa lililoanza kujengwa mwaka 1523 limeinuka kama mbuyu katika shamba la minazi. Waislamu hawaruhusiwi kuswali humo, jambo linalomshangaza mtu aliyeuzoea msikiti wa Kizimkazi, wenye maandishi ya mwaka 1107, ambao hadi leo una waumini wake.

Nje kidogo ya mji yako magofu ya Madinat al-Zahra, makao ya Abd al-Rahman wa Tatu yaliyojengwa katika karne ya 10. Basi hukutoa mjini hadi kwenye makumbusho, na basi jingine hukupandisha hadi kwenye magofu yenyewe. Raia wa Umoja wa Ulaya huingia bure. Mimi nilitozwa euro 1.50, nami nikalipa bila kinyongo, maana hata kwetu mgeni hutozwa zaidi ya mwenyeji.

Sasa tuitazame Kilwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, miaka mitatu kabla ya Mezquita, na Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, mapema kuliko alivyofika Granada, mji mwingine wa Hispania. Kwa heshima, basi, hatupungukiwi na chochote, na kiingilio cha raia hakimzuii mtu. Kinachomzuia ni kwamba basi kutoka Dar es Salaam hula sehemu kubwa ya siku, kisha akifika Kilwa Masoko atafute kibali, atafute chombo cha kumvusha, apatane bei, na ama asubiri wenzake wa kuchangia nauli, ama ailipe yote peke yake. Gharama ya nyumba ya wageni na ya chakula, ambayo ndiyo inayomaliza fedha, hutokana na kusubiri huko, na Jumamosi moja haiwezi kutosha.

Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024 inatupa nafasi ya kuanzia kwingine. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyo katika orodha hiyohiyo tangu mwaka 2006, iko kaskazini mwa Dodoma, kwenye barabara iendayo Babati. Msafiri akishuka Dodoma Ijumaa usiku, anachohitaji ni gari la Jumamosi alfajiri la kumpeleka Kolo, iliko michoro hiyo, na kumrudisha jioni, lenye saa inayojulikana na tiketi inayouzwa pamoja na ya treni. Gari moja lingetosha kwa majaribio, na abiria wa kwanza wasingekosekana, kwani Chuo Kikuu cha Dodoma kina maelfu ya wanafunzi ambao hata treni hawaihitaji ili kufika hapo.