Mtoto aliyetibiwa akili anaporudi darasani: tuseme au tunyamaze?

Mtoto wa Kadutu au Bagira, mitaa ya Bukavu mashariki mwa Kongo (DRC), akikosa masomo kwa wiki kadhaa kwa sababu ya ugonjwa wa akili, wazazi wake mara nyingi humwomba mwalimu jambo moja: "Waambie alikuwa na malaria." Wapo wanaoshauri kinyume: watoto waelezwe ukweli, na dhihaka itakwisha.

Wazazi hawaogopi bure. Hapa Bukavu, kutaja tu SOSAME, kituo cha magonjwa ya akili, kunatosha kumpachika mtoto jina litakalomfuata uwanjani, bombani, hadi siku dada zake watakapochumbiwa. Aliyevunjika mguu akipona, amepona. Huyu akikasirika kama mtoto mwingine yeyote, wenzake hunong'onezana: "Imeanza tena."

Ila watoto hawaachi kimya kikae hivihivi. Wanakijaza kwa yale waliyoyasikia nyumbani na kwenye vyumba vya maombi: ana mapepo, amelishwa karuho (sumu ya siri), ni mchawi. Katiba ya 2006 inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inaadhibu kosa hilo, lakini maneno hayo bado yanavuka kutoka kwa wakubwa hadi kwa wadogo. Kifafa kinaonyesha hatari ya kimya hicho waziwazi. Si wazimu, ni ugonjwa wa ubongo, na hakiambukizi kwa mate. Hata hivyo mtoto anaanguka wakati wa mapumziko, wenzake wanakimbia wakiogopa povu, na hakuna wa kumlaza ubavu ili apumue. Hapo kimya kinaweza kuua.

Je, mafundisho yanasaidia? Mwaka 2012 mwanasaikolojia wa Marekani Patrick Corrigan na wenzake walikusanya tafiti nyingi kuhusu unyanyapaa. Kwa watu wazima, kukutana na aliyeugua kulibadilisha mitazamo kuliko somo. Kwa vijana, somo ndilo lililofanya kazi zaidi. Hiyo ni sababu nzuri ya kutomsimamisha mtoto mbele ya darasa awe mfano. Tena somo lenyewe lataka uangalifu: kusisitiza tu kwamba ubongo una kasoro hupunguza lawama, lakini huweza kuwafanya watu waamini kwamba mgonjwa hatapona.

Tangu vita vilipofika mjini Februari 2025, nasikia pia watu wakisema: "Watoto wote wameumia, kwa nini tumtenge mmoja?" Neno hili lina huruma, na ni kweli wengi hushtuka mlango ukibamizwa au hukojoa kitandani. Lakini nalikataa likigeuka sababu ya kutompeleka hospitali yule anayesikia sauti, au aliyeacha kula na kusema. Huzuni ya wengi si tiba ya mmoja.

Kwa hiyo nasimama hapa: ugonjwa ufundishwe, jina la mtoto lifichwe. Magonjwa ya akili na kifafa yaingie katika somo la afya pamoja na kipindupindu na malaria, mwanzoni mwa mwaka, wakati hakuna wa kunyooshewa kidole. Na huyo anayerudi, mwalimu amwite pembeni kabla ya kengele, amuulize angependa wenzake waambiwe nini. Akichagua malaria, mwalimu asiende kutangaza lingine.