Uonevu upo kila mahali, bunduki je?
Kwamba shule za Marekani zikikomesha uonevu basi mauaji ya risasi yatakwisha, na sheria za bunduki ziachwe kama zilivyo, sikubaliani hata kidogo. Tuliosoma bweni tunajua kidato cha kwanza walivyofulishwa nguo za wakubwa na kunyang'anywa sukari usiku. Hasira tulikuwa nazo, tena kali. Bunduki ndiyo hatukuwa nayo. Kule Uvalde, Texas, mwaka 2022 kijana alitimiza miaka 18, siku chache baadaye akanunua bunduki dukani kihalali, akaua watoto 19 na walimu wawili. Oxford, Michigan, 2021, mwanafunzi aliyeua wenzake shuleni alinunuliwa bastola na baba yake mzazi, na wazazi wote wawili wakahukumiwa kifungo 2024. Uonevu upigwe vita, maana unaharibu watoto hata pasipo risasi. Lakini baada ya mauaji ya risasi katika shule ya Dunblane, Uskoti, 1996, Uingereza haikungoja watu wapendane kwanza. Mwaka uliofuata ilipiga marufuku raia kumiliki bastola. Ndugu mnaolea watoto huko Texas na Ohio, wakienda kucheza kwa jirani huwa mnauliza kama kuna bunduki, na imefungiwa wapi?